Logi asilia ilitangulia, e ikafuata

Mwanafunzi anayefika kidato cha tano na kuchukua hesabu hukutana na kitufe cha kikokotoo kilichoandikwa ln, na maelezo anayopewa huwa ya mstari mmoja: hii ni logi asilia, yaani logi ya besi e, na e ni 2.71828 na kuendelea. Basi, somo linasonga mbele. Logi za besi 10, yaani kipeo ambacho 10 inapewa ili kupata namba fulani (logi ya 100 ni 2), alishazizoea tangu chini, wengine kwa vile vijitabu vya majedwali ya tarakimu nne. Kumi haihitaji kutetewa, maana ndiyo tunayohesabia kila siku. Lakini 2.71828? Nani aliichagua? Na kitu chenye mkia wa desimali usioisha kinapataje kuitwa cha asili?

Mimi swali hilo lilinikera kwa muda mrefu, na jibu lililoniridhisha nililikuta kwenye historia. Vitabu vya shule vimepindua mpangilio wa mambo. Vinaanza na e, kisha vinaitoa logi humo. Ilivyotokea kweli ni kinyume: logi asilia ilikuwa imeshahesabiwa, imeshachapishwa na imeshatumika kuchora njia za sayari zaidi ya miaka mia moja kabla ya mtu yeyote kuiita namba hiyo e. Waliipata watu ambao hawakuwa wakiitafuta, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa mlango wake. Ukiwafuata kwa mpangilio huo, 2.71828 haikushtui tena.

John Napier alizaliwa mwaka 1550 katika ngome ya Merchiston, karibu na Edinburgh, Uskoti. Hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa mwenye ardhi na Mprotestanti mwenye msimamo mkali, aliyethamini mno kitabu alichokitoa mwaka 1593 cha kufafanua Ufunuo wa Yohana. Hesabu alizifanya pembeni, lakini alizifanya kwa takribani miaka ishirini bila kuchoka. Shida aliyoiona ilikuwa ya wanafalaki na mabaharia wa zama zake. Kujua sayari iko wapi kulihitaji kuzidisha namba ya tarakimu saba kwa nyingine ya tarakimu saba, tena na tena, kwa kalamu ya unyoya, na kosa moja katikati linaharibu kazi ya wiki nzima. Napier alitaka kuzidisha kugeuke kuwa kujumlisha.

Njia aliyoipita haikuwa na vipeo ndani yake. Namna tunavyoandika vipeo leo ilikuwa bado haijazoeleka. Aliwaza mwendo. Fikiria nukta mbili zinaondoka pamoja. Ya kwanza inasafiri kwenye njia yenye urefu wa 10,000,000, na kasi yake kila wakati ni sawasawa na umbali uliobaki mbele yake. Kwa hiyo inaanza mbio, kisha inazidi kupunguza kadiri inavyokaribia mwisho, na haifiki kamwe. Ya pili inasafiri kwenye njia isiyo na mwisho kwa kasi ileile ya kuanzia, bila kupunguza. Simamisha zote mbili wakati wowote. Umbali uliobaki kwa nukta ya kwanza ndiyo namba. Umbali uliokwishapitwa na nukta ya pili ndiyo logi yake.

Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo palipo na kiini chote. Kasi ni sawa na kilichobaki. Si mara mbili ya kilichobaki, wala theluthi yake: ni kilekile. Napier hakuingiza namba yoyote ya kwake kati ya kasi na umbali, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kuingiza. Na kwa kutoingiza kitu, bila kujua, alichagua logi asilia. Nukta ya kwanza ikiwa imebakiza nusu ya njia, yaani 5,000,000, jedwali lake linasema nukta ya pili imetembea 6,931,469. Sasa chukua simu yako ubonyeze ln 2: utapata 0.693147. Thamani sahihi kwa kipimo chake ingekuwa 6,931,472. Tofauti hiyo ndogo inatokana na kosa la kuhesabu aliloliacha kwenye moja ya majedwali yake ya maandalizi, na likapenya hadi mwisho. Kitabu chake, Mirifici Logarithmorum Canonis Descriptio, kilitoka mwaka 1614. Hakina e popote.

Logi zake zilikuwa na usumbufu. Zilipungua pale namba ilipokua, na logi ya 1 haikuwa sifuri. Sifuri ilikuwa ya 10,000,000. Henry Briggs, profesa wa Chuo cha Gresham mjini London, alikisoma kitabu akashindwa kutulia. Kiangazi cha 1615 alisafiri hadi Edinburgh kumwona mwenye kazi hiyo. Inasimuliwa kwamba walipokutana walitazamana karibu robo saa nzima bila neno, kila mmoja akimstaajabia mwenzake. Walikubaliana kwamba logi ya 1 iwe sifuri na logi ya 10 iwe 1. Napier alifariki mwaka 1617, na Briggs ndiye aliyeubeba mzigo: mwaka 1624 akatoa logi za namba 30,000 zenye tarakimu 14 za desimali kila moja. Pengo aliloliacha, kati ya 20,000 na 90,000, lilijazwa na Adriaan Vlacq wa Uholanzi mwaka 1628.

Hapo mtu angeweza kusema logi asilia imefukuzwa na logi ya kumi imechukua nafasi yake. Lakini tazama Briggs alivyofanya kazi. Alichukua 10 akatafuta kipeuo chake cha pili, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo, na kuendelea hivyo mara 54, akiandika zaidi ya tarakimu 30 kila hatua. Mwisho wake namba ilikuwa 1 na sehemu ndogo mno iliyozidi. Aligundua kwamba huko chini kabisa, logi na ile sehemu iliyozidi zinakwenda pamoja kwa uwiano usiobadilika: 0.434294 na kuendelea. Alikuwa anaihitaji namba hiyo kila siku. Ukigawanya 1 kwa hiyo unapata 2.302585, ambayo ni ln 10. Logi asilia ilikuwa imekaa ndani ya kazi yake yote, ikifanya kazi ya kumpimia, na yeye akiitumia kama chombo tu.

Wakati huohuo, mjini Prague, fundi saa kutoka Uswisi aitwaye Jost Bürgi alikuwa amefika palepale peke yake. Yeye alianza na namba moja akaizidisha kwa 1.0001 tena na tena, akiandika kila jibu. Inamchukua hatua 23,027 namba hiyo ikue mara kumi. Linganisha na 2.302585 ya hapo juu. Na baada ya hatua 10,000, namba yake imekuwa mara 2.71814 ya ilivyoanza. Iko pale, kwenye jedwali lililochapishwa mwaka 1620, umbali wa tarakimu chache kutoka kwenye e. Lakini kitabu chake kilitoka Vita vya Miaka Thelathini vikiwa mlangoni. Novemba ya mwaka huohuo majeshi yalipigana nje kidogo ya Prague, na jina la Bürgi likafunikwa kwa miaka mingi. Nasikitika kila nikimfikiria. Mwanafalaki Johannes Kepler alimfahamu vizuri, lakini majedwali ya logi yaliyomsaidia Kepler kumaliza kazi yake kubwa ya sayari, iliyotoka mwaka 1627, yalitokana na njia ya Napier.

Vita vilevile vinatupeleka kwa mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii. Grégoire de Saint-Vincent alikuwa Mjesuiti kutoka Bruges, ambayo leo ni Ubelgiji. Mwaka 1631 alilazimika kukimbia Prague jeshi la Saksonia lilipoingia mjini, akaacha nyuma maandishi yake ya miaka mingi. Yaliokolewa, lakini yalimfikia baada ya takribani miaka kumi. Hatimaye mwaka 1647, mjini Antwerpen, kitabu kikatoka, kinene, zaidi ya kurasa 1,200. Ndani yake alidai kwamba ameweza kugeuza duara kuwa mraba wenye eneo lilelile. Hakuwa ameweza. Kijana Christiaan Huygens, akiwa na miaka 22, alionyesha kosa liko wapi mwaka 1651, na sifa ya kitabu kizima ikaanguka pamoja na dai hilo. Lakini ndani ya kurasa hizohizo kulikuwa na jambo lingine, na lilikuwa sahihi kabisa.

Lilihusu haipabola, ule mstari uliopinda tunaouandika leo y = 1/x. Kupata eneo lililo chini ya mistari ya aina hii lilikuwa swali kubwa la wakati huo. Kwa x kipeo cha pili, cha tatu, cha nne, kanuni ilishapatikana, na Pierre de Fermat aliipanua hadi vipeo vya sehemu na vya hasi: ongeza moja kwenye kipeo, kisha gawanya kwa kipeo kipya. Kanuni hiyo ilikubali vipeo vyote isipokuwa kimoja. Kwa 1/x, kipeo ni hasi moja. Ukiongeza moja unapata sifuri, na unaambiwa ugawanye kwa sifuri. Tundu moja tu katika kanuni nzima.

Grégoire alilitazama tundu hilo kwa jicho la jiometri. Chukua eneo lililo chini ya mstari kati ya 1 na 2, ulikate vipande vyembamba vilivyosimama wima. Kila kipande kisukume hadi kifike umbali maradufu kutoka kwenye mwanzo, na upana wake uwe maradufu pia. Urefu wake, kwa kuwa ni moja gawanya kwa umbali, utapungua kuwa nusu. Maradufu mara nusu ni kilekile, kwa hiyo eneo la kila kipande halijabadilika. Na vipande vyote vikishasukumwa vitakuwa vimejaza nafasi iliyo kati ya 2 na 4 bila kubakiza wala kuzidisha. Basi eneo la 1 hadi 2 ni sawa na la 2 hadi 4, nalo ni sawa na la 4 hadi 8. Namba zinakua kwa kuzidishwa. Maeneo yanakua kwa kujumlishwa.

Rafiki yake, Mjesuiti Alphonse Antonio de Sarasa, ndiye aliyesema wazi mwaka 1649 kwamba maeneo hayo yanaenenda kama logi. Eneo la kutoka 1 hadi 6 ni eneo la 1 hadi 2 ukijumlisha la 2 hadi 6. Na la 2 hadi 6 ni sawa na la 1 hadi 3. Kwa hiyo eneo la 6 ni eneo la 2 jumlisha eneo la 3. Ndivyo Napier alivyotaka, na safari hii hakuna jedwali, hakuna besi, hakuna nukta zinazokimbia. Kuna mstari mmoja ambao upo wenyewe, na eneo lililo chini yake.

Tangu hapo kazi ikawa kulipima eneo hilo kwa usahihi. Mwaka 1665 tauni iliwafukuza wasomi kutoka Cambridge, na Isaac Newton, akiwa na miaka 22, alikimbilia mashambani Lincolnshire. Akiwa kijiji cha Boothby alikokotoa eneo la haipabola hadi tarakimu 52. Baadaye alikiri kwamba anaona aibu kusema alizifikisha wapi hesabu hizo wakati ule hana shughuli nyingine. Njia yake ilikuwa mfululizo usio na kikomo: logi ya 1 + x ni x, toa nusu ya x kipeo cha pili, jumlisha theluthi ya x kipeo cha tatu, na kuendelea hivyo. Aliyetangulia kuuchapisha ni Nicolaus Mercator, mwaka 1668, katika kitabu chake Logarithmotechnia. Huyu siye Mercator wa ramani. Ni yeye pia mmoja wa watu wa mwanzo kuziita logi hizi za asili.

Ukiweka x = 1 unapata logi ya 2: moja, toa nusu, jumlisha theluthi, toa robo. Ni nzuri kuitazama, lakini kuitumia ni mateso, maana hata baada ya vipengele elfu moja hujawa na uhakika wa tarakimu ya nne. Newton alikwepa. Alikokotoa logi za 1.2, 0.8 na 0.9, ambako mfululizo unakimbia kwa sababu x ni ndogo, kisha akaona kwamba 1.2 mara 1.2, gawanya kwa 0.8 mara 0.9, ni 2 kamili. Jaribu mwenyewe: 1.44 gawanya kwa 0.72. Logi ya 2 ikapatikana kwa kujumlisha na kutoa tu. Mimi hesabu hii huwa nawaonyesha watu hata wale wanaosema hawapendi hesabu, na sijaona aliyeitazama bila kutabasamu.

Namba yenyewe, 2.71828, ilijitokeza mahali pengine, kwenye riba. Jakob Bernoulli wa Basel, mwaka 1683, aliuliza nini kitatokea ukiweka fedha kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka, lakini riba ikaingizwa mara nyingi zaidi ndani ya mwaka huohuo. Tumia shilingi 1,000. Riba ikiingizwa mara moja unapata 2,000. Mara mbili, 2,250. Kila mwezi, takribani 2,613. Kila siku, takribani 2,714.57. Inapanda lakini inakataa kuvuka 2,718.28. Bernoulli alionyesha kwamba kikomo kiko kati ya 2 na 3 na akaishia hapo. Hakuna dalili kwamba aliiona haipabola ndani ya swali hilo. Mwanahisabati Mjerumani Leibniz, katika barua zake kwa Huygens za 1690 na 1691, tayari anaitumia namba yenyewe, ila anaiita b.

Aliyeyakusanya yote ni Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi. Herufi e inaonekana katika barua yake kwa mwanahisabati mwenzake Goldbach ya Novemba 1731, kisha katika kitabu chake cha mwaka 1736 cha elimu ya mwendo. Mwaka 1748, katika Introductio in analysin infinitorum, akaweka mambo kama tunavyofundishwa leo: logi ni kipeo, na besi ya logi asilia ni e, akaiandika kwa tarakimu 23 za desimali. Ni kati ya 1614 na 1748, miaka 134. Kitabu cha Euler ni kizuri mno, na nadhani uzuri wake ndio uliotufikisha tulipo: waandishi wa vitabu vya shule walichukua mlango wake wa mwisho wakaufanya wa kwanza, na mwanafunzi anaingizwa kwenye nyumba kupitia mlango ambao ulijengwa baada ya vyumba vyote.

Euler huyohuyo alimaliza ugomvi wa miaka mingi kuhusu logi za namba hasi. Leibniz na Johann Bernoulli, mdogo wake Jakob, walibishana barua kwa barua mwaka 1712 na 1713. Bernoulli akisema logi ya hasi moja ni sifuri, Leibniz akikataa. Euler alionyesha kwamba jibu si moja. Yako mengi yasiyo na idadi, na yote ni namba za kufikirika, yaani zile zinazotokana na kipeuo cha pili cha hasi moja.

Kama mtu bado ana shaka kwamba neno asilia linastahili, namwelekeza kwenye mambo mawili. La kwanza ni namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Carl Friedrich Gauss, akiwa kijana wa miaka kama 15, aliona kwamba karibu na namba kubwa N, takribani moja katika kila ln N ndiyo tasa. Chini ya milioni moja ziko 78,498. Ukigawanya milioni kwa ln ya milioni unapata 72,382, na uwiano wa namba hizi mbili unazidi kukaribia moja kadiri unavyopanda juu. Ilithibitishwa mwaka 1896 na Jacques Hadamard na Charles de la Vallée Poussin, kila mmoja kivyake. Namba tasa hazijui riba wala mwendo, lakini zinaifuata logi hii.

La pili liko kwetu. Julai 1959, katika Bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona fuvu la kiumbe waliyempa jina la Zinjanthropus. Makadirio ya awali yalimpa umri wa takribani miaka 600,000. Kisha Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakapima majivu ya volkano ya tabaka lile. Potasiamu-40 iliyomo kwenye majivu huoza polepole sana, nusu yake ikiisha kwa takribani miaka bilioni 1.25, na sehemu ya kama moja ya kumi ya kinachooza hugeuka gesi ya agoni inayonaswa ndani ya fuwele. Kasi ya kuoza inategemea kiasi kilichobaki, kama nukta ya Napier. Kwa hiyo umri unapatikana kwa ln ya 1 jumlisha uwiano wa potasiamu-40 iliyooza, inayokadiriwa kutokana na agoni, na ile iliyobaki. Jibu lililotangazwa mwaka 1961 lilikuwa karibu miaka milioni 1.75. Katika muda huo wote, potasiamu-40 iliyokuwa imeoza ni kama sehemu moja tu katika elfu, na logi ikaweza kuisoma.

Kwa walimu nina ombi moja la vitendo, na halihitaji kikokotoo. Chukua karatasi ya grafu yenye miraba ya milimita. Acha sentimita 5 ziwe kipimo cha moja kwa chini na kwa juu, uchore y = 1/x kutoka 1 hadi 4. Mraba mkubwa wa moja kwa moja una miraba midogo 2,500. Wanafunzi wahesabu miraba iliyo chini ya mstari kutoka 1 hadi 2, kisha kutoka 2 hadi 4. Kila kundi litapata karibu 1,733 kwa pande zote mbili. Halafu waanze tena kwenye 1, wahesabu kuelekea kulia mpaka miraba itimie 2,500, waweke alama hapo, wapime kwa rula kutoka kwenye sifuri. Itakuwa karibu sentimita 13.6. Wagawanye kwa 5.